Luhwindja: Dhahabu tunaipima, kebo ya intaneti tunanunua tukifumba macho

Jumapili iliyopita, kisha misa, tulikutana watu 11 mbele ya sekretaria ya umma, pale karibu na kituo cha afya. Sisi wote tulitoa mchango wa intaneti mwaka uliopita. Neno la kikao lilikuwa moja tu: kijana fundi alikula feza zetu, ama hakuzila?

Jina lake siliweki hapa, limechafuliwa vya kutosha. Nami ninaandika leo kama mmoja wa wale waliochanga, si kama mwandishi wa redio peke yake, kwa hiyo ninaanza kwa kukiri. Mimi pia nilimshuku. Nilimshuku kwa miezi mitatu, tena nilimwambia mtu mmoja, naye akamwambia mwingine, na mnajua namna habari inavyotembea kwenye milima yetu. Haihitaji mtandao.

Kwa msomaji ambaye hajafika huku: Luhwindja ni sheferi katika teritware ya Mwenga, Kivu ya Kusini. Kwetu milima inapanda na kushuka, ukungu asubuhi, mvua mchana, na simu inashika mtandao mahali pamoja na kuuacha hatua kumi mbele. Kuna jiwe moja ambalo nimesimama juu yake mara nyingi sana, simu mkononi, nikituma dakika mbili za sauti Bukavu ili habari zetu zisikike jioni. Wakati mwingine habari zilisomwa bila sauti yangu, kwa sababu mvua ilinifukuza juu ya jiwe.

Ndipo wazo la kuchanga likatoka. Nyumba moja iko juu, inaona vizuri mnara wa simu. Tuweke pale antena na modemu, pano ya jua na betri, kisha tushushe kebo hadi kwenye nyumba nane, kituo cha afya, sekretaria na shule. Kila mmoja dola 40. Wengine walitoa feza za likirimba, mama mmoja alitoa sehemu ya mkopo wa AVEC ambao alipaswa kununulia mbuzi. Fundi, kijana wa hapa hapa aliyesomea Bukavu, akatumwa mjini kununua. Akarudi na katoni mbili za kebo, kila moja mita 305, na juu ya katoni maandishi makubwa: CAT6. Bei ilikuwa dola 55 kwa katoni. Tulifurahi kwamba amepata bei nzuri. Tulimpigia makofi, nakumbuka.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa raha. Muuguzi alituma ripoti ya mwisho wa mwezi akiwa amekaa mezani. Sekretaria ilipata wanafunzi wanaotafuta nafasi katika vyuo vya Bukavu, wanaojaza fomu bila kulipa moto au basi kwenda mjini. Mimi niliacha jiwe langu.

Kisha mambo yakaanza kuharibika, tena si kwa siku moja. Jioni, betri ikishuka kidogo tu, antena inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Kwenye sekretaria ukurasa unafunguka nusu. Shuleni hakukufika kitu hata siku moja. Nyumba mbili zikakatika kabisa, fundi akaja akakata vichwa vya kebo, akaweka vingine, ikafanya kazi wiki mbili, ikakatika tena. Alitwambia: shida ni kebo. Tukamwambia: kebo ni CAT6, imeandikwa, wewe sema ulinunua antena mbovu ukabakiza feza mfukoni.

Mwezi wa 11 mvua kubwa ikaja na radi. Asubuhi swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa nyumba zote, kilikuwa kinanuka moshi. Hapo maneno yakageuka mabaya zaidi. Kuna waliosema kijana amechoma swichi mwenyewe ili kuficha wizi. Na kuna waliosema radi haiji bure, imetumwa, na wakaanza kutaja kwa kunong'ona jina la mama mzee ambaye kebo ilipita juu ya shamba lake bila kumwomba ruhusa. Nyinyi mnaoishi Kivu mnajua jina la mtu likishatajwa namna hiyo linaweza kuishia wapi. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo, ila ndilo lililonifanya nichukue kipande cha kebo, kama nusu mita, nikitie katika mkoba na kwenda nacho Bukavu.

Kadutu kuna mzee anayetengeneza simu na vifaa vya mtandao. Hakuuliza maswali mengi. Alivua ganda, akatoa waya mmoja kati ya zile nane, akaukwangua kwa kisu. Juu ulikuwa mwekundu kama shaba. Chini ya kisu ukatoka mweupe. Akaupinda kushoto na kulia mara chache, ukakatika kama kijiti kikavu. Kisha akachukua waya mwingine, akaushikilia juu ya moto wa kiberiti cha gesi: ukalegea, ukadondoka. Akatoa waya wa shaba kutoka droo yake, akafanya vilevile. Ule uligeuka mwekundu wa moto, ukabaki mzima. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660, shaba inangoja hadi 1085, kwa hiyo moto mdogo unatosha kuzitenganisha.

Akanirudishia kipande changu, akaniuliza: «Ndugu mwandishi, nyinyi watu wa Luhwindja, dhahabu pia mnainunua hivi?»

Nilicheka, lakini swali hilo nilirudi nalo njia nzima.

Maana ni kweli. Hapa kwetu mtoto wa miaka kumi anajua kwamba si kila kinachong'aa kinapewa feza. Tangu zamani watu wanachimba, na kuanzia 2012 kampuni ya Banro ilitoa dhahabu ya Twangiza kwa mashine kubwa. Kuna familia zilizohamishwa hadi Cinjira kwa sababu yake. Dhahabu tumeijua kwa faida na kwa machozi. Mnunuzi wa dhahabu anaweka mzani mezani, anahesabu tola na renge, anadondosha asidi, anasugua, anatazama rangi. Hakuna anayemwambia mwuzaji: kwa kuwa umesema ni safi, basi ni safi. Lakini tulipofika kwenye kebo, watu 11 wenye akili, mmoja wao mwandishi wa habari aliyefundishwa kuhakikisha kila neno, tuliamini maandishi ya katoni.

Na kinachouma zaidi ni hiki. Katika miaka hii Kongo yetu ni ya pili ulimwenguni kwa kuchimba shaba, nyuma ya Chile. Shaba inatoka Kolwezi na Likasi, inapanda malori, inavuka mipaka. Kisha sisi wa upande wa mashariki tunaletewa aluminiamu iliyopakwa shaba, nyembamba kama rangi ya kucha, na tunalipa dola. Simlaumu mchina wala mwarabu wa Dubai. Anayeagiza bidhaa hiyo anajua anachoagiza, maana bei inamwambia.

Sasa nieleze kwa nini ni tatizo, kwa sababu mmoja wetu aliuliza kikaoni: kama inapitisha umeme, shida iko wapi?

Aluminiamu inapitisha umeme, ndiyo. Lakini kwa unene uleule, waya huu wa aluminiamu uliopakwa shaba unazuia umeme kwa zaidi ya nusu kuliko shaba tupu. Kwenye mita tatu hutaona tofauti. Kwenye mita 60 zinazoteremka mlima, alama zinafika zimechoka. Tena kebo yetu ya kwenda kwenye antena haibebi habari peke yake, inabeba pia umeme wa kuiwasha. Betri ikiwa imejaa, umeme unafika wa kutosha. Betri ikishuka jioni, ule uliopotea njiani ndio uliokuwa unahitajika, na antena inazima. Ndiyo maana ilikuwa inazima na kuwaka! Kijana alikuwa na antena nzima kabisa. Kwenye vifaa vinavyokula umeme mwingi zaidi, kama kamera, kebo ya namna hiyo inaweza hata kupata joto, na hilo si jambo la kuchezea juu ya dari ya mbao.

Halafu inakatika. Upepo unaitikisa kila siku, waya unapindwa pale unapoingia katika kichwa cha plastiki, na siku moja mmoja kati ya wanane unavunjika ndani ya ganda bila mtu kuona. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kebo ina nyaya 8, jozi 4. Kwa mwendo wa megabiti 100 kwa sekunde vifaa vinatumia jozi 2 tu. Kwa mwendo wa megabiti 1000 vinatumia zote 4. Kwa hiyo waya mmoja ukikatika, intaneti inaweza kuendelea kufanya kazi lakini kwa mwendo wa chini, na wewe utasema mtandao wa kampuni ni mbaya. Ikikatika ile jozi ya lazima, basi giza.

Kanuni za kimataifa zinadai shaba tupu ndani ya kebo hizi. Kebo ya aluminiamu iliyopakwa shaba haina haki ya kuitwa CAT5e wala CAT6, hata ikiandikwa kwa herufi za dhahabu. Wafanyabiashara wengine wana haya kidogo, wanaandika herufi CCA kwa udogo pembeni ya ganda. Ukiziona herufi hizo tatu, rudisha. Yetu haikuwa na hata hizo.

Basi mtu akienda Bukavu, iwe Kadutu, iwe Nyawera, iwe maduka ya avenue Lumumba, aulize nini?

Kwanza asidanganywe na namba kubwa. Nimeona kebo imeandikwa CAT7, nyingine CAT8, ganda limesukwa kama kamba ya viatu vya michezo, na mwuzaji anasema ndiyo ya mwendo kasi. CAT8 imetengenezwa kwa vyumba vya kompyuta kubwa kubwa, vifaa vikiwa karibu karibu, mita 30 basi. CAT5e ya shaba ya kweli inabeba megabiti 1000 kwa sekunde hadi mita 100. CAT6 inafanya hivyo kwa utulivu zaidi, na kwa umbali mfupi, kama mita 50 hivi, inaweza kubeba hata megabiti 10 000. Sasa modemu yetu juu ya mlima, siku njema kabisa, bila mawingu, ilikuwa inaleta megabiti 12. Kumi na mbili! Chemchemi ikiwa ndogo, tiyo ya inchi nne haitaongeza maji. Kwa nyumba zetu CAT5e ya shaba inatosha na kubaki. Kama CAT6 ya shaba inapatikana kwa dola chache zaidi, nunua hiyo, itasaidia hata watoto wako siku mtandao mkubwa utakapofika Mwenga. Lakini kati ya CAT5e ya shaba na CAT8 ya rangi, chukua CAT5e bila kujiuliza mara mbili.

Pili, aibebe kwa mikono. Shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko aluminiamu. Katoni mbili za mita 305, moja ya kweli na moja ya uongo, zinaweza kupishana kilo 3 hivi, na mwanamke anayebeba mzigo wa mihogo kila siku atalijua hilo haraka kuliko injinia.

Tatu, kisu. Mwuzaji akikataa usikwangue ncha ya waya, umeshapata jibu lako. Angalia tu jambo moja: kuna shaba nzuri iliyopakwa bati, hiyo nje ni nyeupe na ndani nyekundu. Hiyo ni sawa. Ya kwetu ilikuwa kinyume chake.

Kile kidude cha kupimia chenye taa nane, ambacho mafundi wanatuonyesha taa zikiwaka moja hadi nane, kinasema tu kwamba nyaya hazikukatika na zimepangwa sawasawa. Hakisemi ni za nini. Kebo yetu ya uongo ilipita mtihani huo mbele ya macho yetu wote.

Na ganda. Kebo nyingi zinazouzwa katika katoni, za rangi ya kijivu au bluu, ni za ndani ya nyumba. Jua la mlimani linalipasua ganda lake, maji yanaingia. Ya nje ina ganda jeusi gumu. Kama huna hiyo, ipitishe ndani ya tiyo, na panya pia watakosa kazi.

Juu ya ufundi wenyewe sitasema mengi, mafundi wapo. Ila nimeona wengine wanasokotoa zile jozi sentimita tano nzima ili zilale vizuri katika kichwa. Ule msokoto si pambo. Alexander Graham Bell, yule wa simu, aliupatia hati ya uvumbuzi mwaka 1881: nyaya mbili zikisokotana, kelele ya nje inaziingia sawasawa na kujifuta. Ukiufungua, ufungue sentimita moja hivi na si zaidi.

Niseme sasa juu ya shule, maana mkuu wa shule alikuwa mkali sana kwa kijana. Kutoka kwenye swichi hadi ofisi ya shule tulipima kwa hatua, halafu kwa kamba: mita 130. Kebo za namna hii, hata za shaba safi kabisa, mwisho wake ni mita 100. Hapo hata kebo ya kweli ingekuwa nje ya kanuni. Kosa hili ni la fundi, na ninalisema wazi: alipaswa kupima kabla ya kukubali mchango wa shule. Yeye mwenyewe amekubali. Lakini kutopima si kuiba.

Na radi? Mwaka 2016 wataalamu walichapisha hesabu waliyoifanya kwa picha za satelaiti za miaka 16, wakitafuta mahali ulimwenguni radi inapopiga zaidi. Wa kwanza likawa ziwa Maracaibo kule Venezuela. Wa pili ulimwenguni, na wa kwanza Afrika nzima, ikawa Kabare. Ndiyo, Kabare hii yetu, hapo juu ya Bukavu: mimweko 205 kwa kila kilometa moja ya mraba kwa mwaka. Wa tatu ni Kampene, kule Maniema. Sisi tuko kati ya hao wawili! Anga yetu ndiyo iliyo hivyo, milima na joto la ziwa na unyevu wa msitu wa Kongo vinakutana juu ya vichwa vyetu karibu kila mchana wa masika.

Na sisi, chini ya anga ya namna hiyo, tulitundika mita mia tano na zaidi za waya kutoka bati hadi bati. Radi haihitaji hata kupiga kebo yenyewe. Ikipiga mti ulio karibu, inaamsha umeme ndani ya waya mrefu, na umeme huo unakimbilia kwenye vifaa vya mwisho, yaani swichi na kompyuta. Hakuna aliyeituma. Yule mama mzee hana neno lolote katika jambo hili, isipokuwa kwamba anatudai radhi kwa kupitisha waya juu ya maharage yake. Nimeenda kumwona. Alinikaribisha, akanipa kiti, na hakuniuliza nimekuja kwa nini, jambo lililonipa haya zaidi.

Kwa umbali mrefu kati ya nyumba na nyumba, dawa ni kebo ya nyuzi za kioo, ile tunaita fibri. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo radi haina njia ya kutembea ndani yake, na mita 130 kwake ni kama hatua moja. Inahitaji vigeuzi viwili, kimoja kila upande, na bei yake imeshuka kuliko watu wanavyofikiri. Ila nyingi zina waya wa chuma pembeni wa kuzishikilia, na huo unapitisha radi: achague isiyo na chuma, ama chuma kikatwe nje kabla ya kuingia ndani ya nyumba. Kwa nyumba zilizo karibu tutabaki na shaba, lakini ipite chini ndani ya tiyo, antena ipate waya wake wa kwenda ardhini, na mawingu yakiwa meusi kila mtu achomoe kebo. Kuchomoa hakulipishwi hata faranga.

Kuna watakaosema: haya yote ya nini, si tutumie wifi? Wifi tunaitumia, sikatai. Lakini inagawanywa na wote walio karibu, na kuta zetu za matofali na mabati zinaila. Muuguzi anayetuma ripoti na mtoto anayetazama mpira wanapigania hewa moja. Kompyuta ya kituo cha afya inastahili waya wake.

Tena sisemi tutupe kebo yote ya zamani. Vipande vya mita mbili tatu, ndani ya chumba kikavu, kutoka ruta hadi kompyuta, viendelee na kazi yake. Kinachotoka ni kile kinachopanda kwenye antena na kinachopita nje.

Neno langu kwa wafanyabiashara wa Bukavu ni fupi. Uzeni aluminiamu mkitaka, lakini iiteni aluminiamu. Mtu mwenye dola 55 peke yake ana haki ya kujua ananunua nini, pengine atanunua mita mia za kweli kuliko mita mia tatu za uongo. Nao OCC, wanaopima bidhaa zinazoingia, ningefurahi siku moja niwafuate na kinasa sauti changu mpakani Ruzizi, tukwangue kebo moja pamoja mbele ya wasikilizaji. Haihitaji maabara.

Na neno langu kwetu sisi wachangiaji ni refu kidogo. Tulimtuma kijana wa miaka 24 peke yake, na feza za watu 11, bila kumpa mtu wa kumsindikiza, bila kumwambia kwamba tuko tayari kulipa zaidi kwa kitu kizuri. Aliporudi na bei ya chini tukampigia makofi, kumbe tulikuwa tunapigia makofi ile bei. Kama angerudi na katoni za shaba za dolari 125 kila moja, nani kati yetu asingesema ameongeza bei mfukoni? Mimi ningesema. Amekaa miezi mitatu bila kupewa kazi, na mchumba wake, familia yake imeanza kuuliza maswali. Nilizungumza naye juzi. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama ile sauti niliyomrekodi siku ya uzinduzi, akieleza namna mtandao utakavyofanya kazi, bado ninayo. Ninayo.

Kikao kiliamua hivi. Tunaanza na katoni moja, ya shaba, kwa ajili ya antena, kituo cha afya, sekretaria na nyumba zilizo karibu. Ni dola 12 kwa kila mmoja wetu, zilipwe kabla ya mwisho wa mwezi. Shule itangoja fibri, kamati ya wazazi inatafuta feza. Watu watatu wataenda Bukavu pamoja, mmoja ni fundi yule yule, mwingine ni yule mama wa AVEC, ambaye amesema mzani wake wa maharage atausafirisha hadi Kadutu. Wa tatu ni mimi.

Kipande cha kebo ya zamani kiko juu ya meza ya sekretaria, na kisu kando yake. Anayetaka kukwangua aje, mlango unafunguliwa saa mbili asubuhi.